Noti Iliyochelewa Kwenye Simu ya Mama Mdogo

Mama mdogo, dada wa mama yangu, anaongoza kwaya ya parokia yetu huku mtaani Panda. Kinanda kilipoharibika alianza kukosea noti ya kuanzia, na kwaya ikawa inapaa juu hadi wanawake wanakohoa. Padri akamwambia waziwazi: Pasaka ikiharibika, kwaya itapewa mtu mwingine. Alilia jikoni kwetu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za simu. Nikamwambia hilo niachie.

Desturi yetu, mama mdogo na viongozi wa sauti nne hupewa noti zao kwa pamoja, kila mmoja na yake. Basi nikaandika programu moja inayokubaliwa na simu zote: unagusa, noti inalia. Kwenye kompyuta yangu ililia papo hapo. Nilijivuna, acha tu!

Kwenye mazoezi wakagusa wote. Loo! Noti zilitoka mojamoja kama mbuzi mlangoni, na ya mama mdogo ikawa ya mwisho.

«Weye mutoto! Minye nimekwisha kufungua kinywa, hii kitu yako njo sasa inaamka!»

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilikasirika, kisha nikaanza kujiuliza: kwa nini yake? Kumbe programu ya simu zote huongea na kila simu kupitia programu nyingine ya katikati, kama mkalimani, na kwenye simu yake kuukuu mkalimani huyo alikuwa mzito. Nikaandika upya kipande cha sauti kwa ajili ya simu yake tu, kiongee nayo moja kwa moja. Kikawa chepesi ajabu. Lakini sasa yake ilitangulia, zingine zikabaki nyuma. Je, nimwandikie kila mtu cha kwake? Na akibadilisha simu kesho?

«Haraka haraka haina baraka,» akanitania kiongozi wa besi. Nusura nimtupie kiti.

Ila nikamtazama vizuri huyohuyo. Alikuwa ameshaguna noti yake, tena sahihi, kabla simu yake haijalia. Nikawaomba warudie, na warudie tena, nimesimama katikati yao. Wote walikuwa wanapata noti zao kinywani mwa mama mdogo, aliyekuwa ametangulia kuguna yake! Nikaondoa sauti kwenye simu zao, nikawaachia maneno ya nyimbo tu. Maneno yakichelewa kidogo hayamdhuru mtu.

«Sasa minye nikikosea, bote banakosea,» akasema mama mdogo.

«Njo vile, mama,» nikamjibu.

Siku ya Pasaka aligusa simu, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja, akaanza peke yake. Sauti zote nne zikaingia nyuma yake, safi kabisa. Nilishusha pumzi.

Baada ya misa Padri alitujia mlangoni.

«Mama, Pentekoste mutaimba nini?»

 Mama mdogo alikuwa amenishika mkono, amenibana hadi vidole vikaniuma.