Nyumba Isiyo na Baraza

Shule niliacha mapema, lakini ramani ya nyumba naisoma kama mwingine anavyosoma gazeti. Nilianza na dagaa pale Kibirizi, nawanunua na kuwasafirisha mikoani kwa magunia. Wenzangu wakipata faida wanaongeza mke, mimi naongeza saruji. Leo ukifika Kasingirima ukaona ghorofa la kupangisha lenye vigae vya bluu, ujue ni langu. Sikushikwa mkono na mtu.

Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba. Nyumba yetu ya udongo niliibomoa, mama nikampeleka Bangwe kwa dada yangu, nikamwahidi kwamba ghorofa likiisha atarudi kukaa chumba cha mbele, choo humo humo ndani. Ndiyo maana nilijenga mbio vile. Nilitaka arudi akiwa bado na nguvu zake.

Msingi ulipokamilika, fundi akaniuliza baraza liende wapi. Huku Ujiji nyumba bila baraza mbele watu wanaiona haijaisha. Nilimcheka.

"Baraza halilipi kodi," nikamwambia.

Pale pa baraza nikaongeza chumba, mbele yake ukuta na geti. Wapangaji walijaa hata rangi haijakauka: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa.

Mama nilimleta mwenyewe, kwa gari langu. Alipapasa vigae, akafungua bomba, akacheka maji yalivyoruka. Nikasema moyoni, mambo ndiyo haya. Lakini kila alasiri alivuka barabara kwenda kuketi barazani kwa jirani, shoga yake wa kusuka mikeka tangu ujana. Nilimuuliza kwetu amekosa nini.

"Nyumba nzuri, baba," alisema. "Ila humu nani ataniamkia?"

Nikamnunulia televisheni kubwa. Mvua zilipoanza, barabara ikawa tope, asiweze tena kuvuka. Akawa anashinda ndani, wapangaji wakipita na funguo zao. Mwisho akaomba nimrudishe Bangwe. Kwa dada ni vyumba viwili na bati lenye kutu, lakini baraza lipo.

Watu wananisumbua niwapangishe kile chumba cha mama. Siwapi. Kitanda kimetandikwa. Jioni natoa kiti nje ya geti, nakaa peke yangu. Wapita njia wananipa shikamoo, wengine wanauliza namngoja nani.

Nawaambia namngoja fundi, aje aupime huu ukuta, tuone baraza liende wapi.