Boksi la Madabodi Chini ya Meza

Mhariri, naomba usichapishe jina langu wala la shule yangu. Hata majina ya nyumbani nimeyabadilisha.

Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike, Kendi. Nafundisha hisabati na fizikia katika shule ya wasichana karibu na mji wa Embu, nilikozaliwa. Mume wangu ni mtu wa Kianjai, huko Meru, na ameajiriwa katika ofisi ya serikali hapa mjini. Sipigwi, wala silali njaa. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe umeletwa na kitu ambacho huenda kikawachekesha: madabodi ya kompyuta.

Tuna kompyuta kuukuu tuliyoinunua pamoja mwaka tuliooana. Jioni mimi huitumia kupiga chapa mitihani ya shule za jirani, na hizo ndizo saa ninazojihisi mtu kamili. Siku hizi imekuwa nzito. Ukifungua kazi moja unaweza kuosha vyombo vyote na kurudi ukaikuta bado inajivuta. Tukakubaliana tubadilishe madabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Nilisoma sana kabla ya kuchagua, kwa sababu ubao huo ndio unaoamua memori gani itaingia, kasha gani litafaa, umeme utaunganishwa vipi. Nikapata mmoja unaokubali memori yetu ya zamani na hata ya kisasa, na unaotosha katika kasha letu bila kukata chochote. Nikamwambia mume wangu, akasema sawa, akaenda dukani.

Akarudi na mwingine.

"Baba Kendi, hii siyo."

"Hii ni bora zaidi. Ni ya kisasa."

"Haikubali memori yetu hata moja. Plagi ya umeme ni tofauti. Hata kwenye kasha letu haitaingia."

"Hivyo vingine vitapatikana."

"Wapi?"

"Eh, mwalimu ameanza kusahihisha!" Akacheka, akawasha redio.

Mume wangu ni mtu ambaye akinunua tochi huifungua dukani kwanza, ahakikishe betri tulizo nazo zitaingia. Mtu kama huyo hanunui ubao usiopatana na chochote nyumbani kwake, ila awe anajua mahali palipo na vitu vinavyopatana nao. Nilikuwa napika chai nilipokumbuka. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, amefungua duka la kupiga chapa sokoni Kianjai. Mvua ilipoanza, umeme ulipiga ukaunguza madabodi ya kompyuta yake. Kasha lilipona. Memori ilipona. Vyote ni vya kisasa.

Nikazima jiko, nikarudi sebuleni. "Huu ubao ni wa kasha la kaka yako?"

Akapunguza sauti ya redio. "Tuliongea Agosti. Kila mtu alikubali."

"Kila mtu nani?"

"Sisi wote, nyumbani."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Shule zikifungwa Desemba niache kazi, tuhamishie printa na vitu vyetu Kianjai, mimi niendeshe lile duka kwa kuwa ndimi ninayezijua hizi mashine. Yeye ataomba uhamisho, atufuate baadaye. Baba yao alifariki wangali wadogo, na huyu kaka ndiye aliyewasomesha wote. Akiita kikao, hakuna anayempinga.

Nami nilikuwepo siku hiyo ya Agosti! Shemeji alichinja mbuzi, akawaita ndugu zake wakakaa nyuma ya nyumba. Sisi wake tulikuwa jikoni, ndiyo desturi ya pale, na mimi nilikuwa naponda mukimo, viazi na mahindi pamoja. Niliwasikia wakicheka nikadhani ni habari za ua wa shamba. Mama mkwe akaja kuonja chumvi, akanishika bega, akaniita binti kwa lugha yao. "Mwari, hiyo mashini ya kupiga chapa utatufundisha sisi pia?" Nikamjibu, "Nitawafundisha, mama." Jikoni kote wakacheka, nami nikacheka nao. Kumbe wote walijua. Nilipika chakula cha kikao kilichonihamisha, na nikasifiwa kwamba mukimo umeiva vizuri.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia, alisema, "Nilijua utakataa." Nimeligeuza jibu hilo kichwani mpaka limenichosha. Alijua nitakataa, basi akaniacha nichague ubao, nisome usiku na mchana, kana kwamba uamuzi bado ni wetu wawili.

Sasa boksi liko chini ya meza, halijafunguliwa, kando ya kasha la shemeji lililoletwa kutoka Kianjai. Kendi amelifanya kitanda cha mwanasesere wake. Kila jioni baba yake huuliza, "Mama Kendi, bado tu?" Namwambia nina madaftari ya kusahihisha. Ubao ule unangoja mikono yangu, maana hakuna mwingine katika ukoo wao anayeweza kuufunga. Mwenye duka ulikonunuliwa ameniambia atanibadilishia, mradi muhuri haujavunjwa. Lakini mume wangu amesema nikilirudisha boksi nitakuwa nimemtemea kaka yake mate mbele ya watu, na kwamba nisitarajie yeye kunitetea. Simchukii. Namwona naye amechoka, katikati yetu.

Nikifunga ubao huu, nitakuwa nimejihamisha mwenyewe, kwa bisibisi yangu. Nikiurudisha, nitabaki na kazi yangu na kompyuta yangu, labda bila nyumba.

Wasomaji, na hasa ninyi mlioolewa katika nyumba za kaka wakubwa, nisaidieni. Kuhusu madabodi sihitaji ushauri, ipi inafaa naijua. Niambieni nitakachomjibu mume wangu kesho jioni akiniuliza tena kama bado.