Mtaalamu kutoka Nairobi

Leo nimekaribishwa Bungoma kama mgeni. Mimi, mzaliwa wa Kabuchai, hapa hapa Bungoma!

Kampuni kubwa ya Nairobi ilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kompyuta wa chama chetu cha wakulima. Ikaipa kampuni ya pili. Ya pili ikaipa ya tatu. Ya tatu ikanipigia simu mimi, kibarua wa mkataba.

Meneja wao akaniwekea sharti: "Wewe ni mtaalamu kutoka Nairobi. Wakijua unatoka hapa, huna kazi."

Nikavaa tai, nikaingia mkutanoni.

Lo! Mwenyekiti ni Mama Nekesa. Tunapakana mashamba.

Meneja akanitambulisha kwa mbwembwe. Mama Nekesa akanikagua kuanzia viatu hadi tai.

"Karibu Bungoma, mtaalamu. Umesafiri salama?"

"Salama, mama."

"Na hewa yetu unaionaje?"

"Nzuri sana, mama."

Ndivyo kampuni hizi zinavyotuuzia watu wetu wenyewe! Nani mwingine ameuzwa kwao? Semeni hapa chini.

Tulipokuwa tunaagana, Mama Nekesa akasema, "Kabla urudi Nairobi, si upitie kwako kwanza? Ng'ombe wako ameingia kwa mahindi yangu, bana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Meneja hakupepesa jicho. "Usijali, mama. Kampuni itatuma mtaalamu."

Nikalegeza tai, nikaita bodaboda.