Niachie Pale Pangu

Kuna siku moja kule Kimamba haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo tangu asubuhi inanizungukazunguka kwa sababu ya hicho kisanduku chako cha sauti. Usiniambie nikae, Rehema. Nikikaa miguu inaniwasha. Wewe kaa, mimi nitasema huku natembea.

Sikukatazi. Nitakukatazaje, na mimi mwenyewe nilikuwa nacho? Chako kinaenea kiganjani, changu kilikuwa kama tofali la kuchoma. Nilikinunua Morogoro nilipokuwa kijana wa kuimba kwenye maharusi, kabla hujazaliwa. Waya wa maiki unaingia huku, unatokea kule kwenye spika, na chini kina vitufe viwili vya kukanyaga. Kimoja cha eko, sauti inarudi na kurudi. Kingine kinaongeza sauti nyingine juu ya yako, nyembamba kama za akina mama, ukaonekana umekuja na kwaya nzima. Loo, nilijiona mtu! Watu walichungulia nyuma ya spika kutafuta waimbaji, nami nikizidi kuvimba kichwa.

Basi ikaja siku ya kumtoa shangazi yako Zaituni, anakwenda kuolewa Mikumi. Sasa sikiliza vizuri. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama. Shehe akishafungisha ndoa, mwali bado amekaa mkekani, amefunikwa khanga. Mwimbaji anasimama mbele ya ndugu wa mama anawauliza, "Mwali wenu huyu, mnamtoa?" Nao wanaitikia, "Tunamtoa, kwa mkono wetu." Ndipo anainuka. Wasipoitikia, hainuki, na wakwe wanajua maana yake.

Mama yetu alifariki Zaituni akiwa bado ananyonya. Tulilelewa kwa baba, na ndugu za mama walibaki kwao Rudewa. Kulikuwa na maneno kati ya pande mbili, sitaki kuyafukua. Miaka mingi hawakuombwa shauri lolote juu yetu. Siku hiyo walikuja wote, mbele yao mama yetu mkubwa, Bi Tatu, amebebwa kwenye baiskeli kutoka Rudewa, amevaa khanga mpya ambayo bado ilinukia duka. Wakakaa upande wao, hawacheki na mtu.

Na mimi, eti nataka kuwafurahisha! Nikakanyaga vitufe vyote viwili. Nikauliza, "Mwali wenu huyu, mnamtoa?" Eko ikarudisha, mnamtoa, mnamtoa. Halafu kama nilivyozoea jukwaani, sikungoja. Nikaitikia mwenyewe, na zile sauti nyembamba zikaitikia pamoja nami, tunamtoa, uwanja mzima ukajaa. Vijana wakapiga miluzi. Nikatazama mkekani, Zaituni hajainuka. Nikatazama upande wa Rudewa, wamenyamaza jii.

Nikadhani hawajasikia. Nikaongeza sauti, nikarudia. Kisanduku kikaitikia vizuri zaidi. Wao kimya. Nje dereva wa wakwe akaanza kupiga honi, maana wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Ulaya, kile kijiji cha njiani, na barabara ile ikinyesha gari halipiti, na njia ya mbugani hakuna anayetaka kuipita usiku. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti, wala hakujificha, "Jamani, kama hawa wana kinyongo si waseme, turudi zetu?" Niliuona mkono wa Zaituni umetoka chini ya khanga, una hina, umeufinya ukingo wa mkeka. Na mimi hata sijui nimekosea wapi! Niliranda pale mbele na maiki yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bi Tatu akainuka. Akaja taratibu mpaka mbele yangu. Kwa woga nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakusema marahaba. Unajua maana yake, mtu mzima kukunyima marahaba mbele ya watu? Nilitamani ardhi inimeze.

"Hao walioitikia ni akina nani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni mashine. Ni sauti yangu mwenyewe."

"Basi umejiuliza na umejijibu. Sisi umetuitia pilau?" Hakupandisha sauti, na hapo ndipo paliponiuma. "Nilimzika mdogo wangu nikarudi kwangu. Katika huu uwanja nina neno moja tu la kumsemea, nawe umelisema."

Akageuka, akarudi kukaa.

Nikapiga magoti nikachomoa waya. Maiki ikatoa mlio mbaya, nikaiacha pale pale chini. Nikasimama na koo langu hili. Nikauliza, sauti ikakwaruza katikati, wale waliopiga miluzi wakacheka. Kisha nikanyamaza. Wee! Hujui ukimya ulivyo mrefu mpaka uusimamie. Matone yakaanza kugonga bati. Honi ikalia tena. Kila kitu mwilini kinaniambia jaza, imba, sema chochote. Nikajiuma mdomo.

Bi Tatu akaitikia. Peke yake, sauti ya kizee, imepotea kabisa njia ya wimbo. "Tunamtoa." Akafuta uso kwa khanga yake. "Kwa mkono wetu." Hapo wa Rudewa wote wakalipuka naye, na Zaituni akainuka kwa haraka mpaka khanga ikamwanguka, analia, anacheka, hajui aanze na lipi. Maharusi wakakimbizwa garini mvua ikianza kushika. Nilibaki nimelowa nakunja nyaya, Bi Tatu akanipita akielekea kibarazani. Akanishika bega. "Marahaba, mwanangu," akasema, akaendelea na safari yake.

Sasa Jumamosi Zaituni naye anamtoa Saida wake, kule kule Mikumi, na mwimbaji ni wewe. Nenda na kisanduku chako. Eko weka kidogo tu, ukumbi ule wa bati unarudisha sauti wenyewe. Zile sauti za kuongeza zitumie kwenye nyimbo zako za kuchezesha watu, wafurahi. Ila popote unapowauliza watu jambo, kanyaga kizime, unyamaze, ungoje. Utaogopa. Utadhani wimbo umekufia mkononi. Usiujaze ule ukimya kwa chochote, kwa sababu una wenyewe.

Na Jumamosi mwenyewe ni mimi. Bi Tatu hayupo tena, mjomba wa Saida ndiye huyu anayekuchosha hapa. Sauti yangu unaijua ilivyo siku hizi, inakatika kama redio yenye betri mbovu. Nikichelewa, ningoje. Nikikosea, ningoje. Niachie pale pangu nimsemee yule mtoto.

Mungu akutunzie koo lako, mwanangu, akujaalie na watu wa kukuitikia popote utakaposimama. Haya, kizime. Niulize mara moja, nisikie kama bado naweza.