Mbuni Uliokatwa Mwezi wa Tatu

Somo nitakalokusimulia lilinigharimu mwaka mmoja na miezi mitatu, pamoja na blanketi nne nilizozirudisha kwa wenyewe. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, ni nne.

Naikumbuka siku yenyewe, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kilimo kule Kampala, kisha nikaingiwa na hamu ya historia, nikaisoma muhula mmoja. Muhula mmoja tu, na tayari nilitaka kuomba nafasi ya shahada ya pili ng'ambo. Mwalimu wangu mpya wa historia alikuwa ameniambia, "Barua ya kukupendekeza nitaandika moja. Wakikukataa, sitaandika nyingine. Kwa hivyo chagua wakati." Nami nilikuwa nimechagua: wiki ile ile. Mama alishatangaza safari yangu kanisani Thika, na watu wema wakaleta blanketi za baridi ya Ulaya.

Nikaenda Ruiru kumuaga Guka, babu yangu, aliyekuwa nyapara wa wakataji kahawa. Nilimkuta ameinamia mbuni, mti wa kahawa, uliokatwa ukabaki kisiki, machipukizi yameanza kutoka. Nikamweleza habari za mwalimu na barua yake moja.

"Huu niliukata mwezi wa tatu," akasema. "Nikuchumie lini?"

"Baada ya miaka miwili, Guka."

"Kumbe shule ilifundisha. Na wewe umekata kilimo juzi ukaanza upya. Mbona umeshabeba debe la kuchumia?"

Sijawahi kuacha bei ipite bila kuigusa. "Basi nisubiri miezi sita."

"Miaka miwili."

"Miezi minane, kwa vile ni wewe."

"Nimekuona ukinunua vitunguu Thika. Mimi si mwenye vitunguu." Akang'oa chipukizi moja dhaifu, akalitupa. "Mwaka na robo. Na kila mwezi umwandikie huyo mwalimu kitu, akujue."

Nikakubali. Mpaka leo naona ningemshusha hadi mwaka kamili, ila alikuwa na msumeno mkononi.

Kurudisha blanketi ndiko kulikoniuma. Mama mmoja alipokea yake akaniuliza kama Ulaya kumepata joto.

Muda ulipotimia, mwalimu aliandika kurasa tatu, nikapata nafasi. Kisha akanionyesha rasimu aliyokuwa ameniandikia pale mwanzo, kabla sijamwomba angoje: "Kijana huyu huwahi darasani." Niliisoma mara mbili nikitafuta sentensi ya pili.

Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukibadili masomo, usiombe nafasi kabla hujapata mtu mmoja anayeweza kuieleza kazi yako mpya bila kukuangalia usoni. Subira huvuta heri, lakini ile ya kulala huvuta shuka tu. Wewe subiri ukiandika. Mungu akupe mwalimu mwenye maneno mengi, na akupe mikono ya kumpa sababu ya kuyasema.

Sasa nami nishauri. Mjukuu wangu pale Juja ameacha uuguzi akashika uchumi, muhula mmoja, na anataka kutuma maombi ya shahada ya pili Ijumaa. Anasema siku hizi ukingoja mlango unafungwa. Wewe ni rika lake: mwaka mmoja bado ni kusubiri, ama umekuwa kuchelewa? Unijibu kabla ya Alhamisi.