Nilivyoikimbia Presha Nikakutana na Mama Mkwe

Miaka ya mwanzo ya sabini, karani wa Kisumu asiye na kitambi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Watu walidhani mkewe hapiki, au anapika na chakula hakiingii. Changu kilikuwa kitambi kizuri. Kilinitangulia mlangoni, matarishi wakakiheshimu, na mke wangu alikitunza kwa samaki wa kukaanga na ugali mkubwa kuliko kichwa changu. Kwa hiyo siku niliyokwenda kwa daktari kwa sababu kichwa kilikuwa kinagonga kila jioni, sikuwa na wasiwasi. Alinifunga ule mkanda mkononi, akapuliza, akatazama zebaki inavyopanda, akapuliza tena. Mimi nilikaa kwa raha zangu nikisubiri sifa.

“Presha,” akasema. Alikuwa Mhindi mzee, mkavu, asiyependa maneno mengi. “Baba yako yuko hai?”

“Alifariki.”

“Alikufa na nini?”

“Alianguka shambani akipalilia mtama. Hakuamka.”

“Alikuwa na miaka mingapi?”

Nikamwambia. Akachukua kadi yangu, akatazama umri wangu, akahesabu kwa vidole. Kwa hesabu yake nilikuwa nimebakiza miaka mitatu. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, na wa mwisho alikuwa hajaota meno. Akanipa vidonge, akanikataza chumvi, akaniambia nikimbie kila asubuhi kabla ya kazi. Halafu akaongeza jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa gumu kuliko kukimbia: nisitoke ofisini nikiwa nimeibeba ofisi kichwani.

Angeijua ofisi yenyewe asingesema hivyo. Nilikuwa nimerithi meza iliyokuwa ya watu wawili, na juu yangu alikaa bwana mkubwa aliyesahihisha barua zangu kwa kalamu nyekundu. Nikizirudia, alizisahihisha tena hadi zinarudi kuwa vilevile nilivyoziandika mwanzo. Hapo ndipo alipotia sahihi. Nilikuwa nikifika nyumbani naye kichwani, nakula naye, nalala naye. Mke wangu alilalamika kwamba nilikuwa nikigombana na mtu usingizini.

Basi nikaanza. Nilitafuta kaptula yangu ya zamani ya shule, ambayo ilikubali kuniingia baada ya mazungumzo marefu, nikavaa fulana na raba za turubai, nikatoka alfajiri kuelekea soko la Kibuye.

Sijui kama mnaelewa maana ya mtu mzima kukimbia katika mji wetu siku zile. Mtoto hukimbia. Mwizi hukimbia, na wanaomfukuza. Mtu mzima mwenye familia akionekana anakimbia kabla jua halijatoka, hakuna maelezo ila msiba. Sikufika mbali kabla mzee mmoja hajanifikia na baiskeli yake.

“Omera, ndugu yangu, nani amekufa?”

“Hakuna mtu amekufa, mzee.”

“Sasa unakimbia nini?”

“Nakimbia tu.”

“Ai yawa! Mtu mzima anakimbia tu?”

Hakuniamini. Alinifuata polepole, akipiga kengele, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kuna jambo baya huko mbele ila huyu bwana anaficha. Tulipofika sokoni nilikuwa na wafuasi wanane. Mama mmoja alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwa, amekifunga kiunoni, na ameanza kulia. Nilipowaeleza kwamba ni daktari tu aliyenituma, mama yule alinitazama kwa uchungu wa mtu aliyepoteza machozi yake bure. Wakatawanyika wakininung'unikia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimeshavua kupita kiasi. Nikabadilisha njia. Nilichagua barabara ya Dunga, inayoshuka kuelekea ziwani, kwa sababu moja tu: kwa nilivyojua, ukoo wote wa mke wangu ulikuwa upande wa Kombewa, na Dunga sikuwa na mtu wa kunijua. Huko wavuvi walinicheka siku mbili, wakanizoea. Walikuwa na nyavu za kuvuta na hawakuwa na nafasi ya kunihurumia.

Nitakiri kwamba nilianza kupenda. Siyo kukimbia kwenyewe, maana kukimbia ni mateso na anayesema vingine ni mwongo au ni askari. Nilichopenda ni kwamba niligundua naweza kumtukana bwana mkubwa kwa miguu. Kila hatua neno moja. Mguu wa kulia, mjinga. Mguu wa kushoto, wewe. Nikifika ufukweni nilikuwa nimemaliza kila nilichokuwa nacho, na nikirudi nyumbani kuoga nilikuwa mtu mpole. Ofisini nilipokea karatasi zenye wino mwekundu nikitabasamu. Alianza kuniogopa kidogo. Baada ya mwezi mmoja ile zebaki ilishuka, na daktari akatikisa kichwa kwa namna ambayo kwake ilikuwa furaha.

Halafu ikaja Jumapili ile.

Ni lazima nieleze kwanza kuhusu mama mkwe, ambaye sisi humwita maro. Mtu wa kwetu hamzoei maro. Hali chakula mbele yake, hakai naye kiti kimoja, hapigi naye soga. Akimwona anakuja njiani, humpisha mbali kwa heshima, amevaa vizuri, amenyamaza. Maro wangu alikuwa mama mrefu, mkali, na katika miaka minane ya ndoa yangu alikuwa ameniona si zaidi ya mara sita, kila mara nikiwa na koti. Nilichokuwa sijui, kwa sababu mtu haulizi nyendo za maro wake, ni kwamba alikuwa ameanza biashara. Kila Jumamosi alilala kwa dada yake aliyeolewa Dunga, akanunua samaki waliokaushwa kwa moshi, na Jumapili alfajiri akawapeleka Kibuye.

Nilipiga kona nikiwa katikati ya tusi. Mbele yangu, hatua kama ishirini hivi, alisimama yeye, kapu la samaki kichwani. Na mbele yake nilisimama mimi, kaptula imepanda, fulana imelowa, mapaja yote nje kama nyama ya buchani.

Upande mmoja wa barabara kulikuwa na ua mrefu wa minyaa usiopenyeka. Upande wa pili kulikuwa na mafunjo, na katika mafunjo yale, kila mtu wa Dunga anajua, kiboko hupenda kumalizia malisho yake asubuhi. Sikufikiri hata kidogo. Kati ya kiboko na maro nilichagua kiboko. Nikaruka, nikazama kwenye tope mpaka kiunoni, nikakaa humo kimya huku kitu kikubwa kikipumua mahali fulani upande wangu wa kushoto. Nikasikia hatua zake zikipita barabarani. Hazikuharakisha wala kusita.

Nilirudi nyumbani nimevaa tope. Nikamwambia mke wangu kwamba nimeacha.

“Umeacha nini, baba watoto?”

“Kukimbia. Maro ameniona.”

Alishika mdomo, mabega yakamtikisika, akaingia jikoni. Nilimsikia akicheka na masufuria. Niliumia sana, na nikamwekea kinyongo wiki nzima.

Sikukimbia tena. Ningewezaje? Niliona afadhali nife na heshima yangu, na kwa kweli nilianza kufanya hivyo. Bwana mkubwa alirudi kichwani, akaleta na mizigo yake. Niligombana na matarishi, nikagombana na watoto, nikagombana na redio. Wiki ya tano nilisimama kuchukua faili kabatini, sakafu ikainuka upande mmoja, na nikajikuta nimekaa chini nimeshika mguu wa meza. Walinipeleka kwa yule Mhindi. Alipuliza mara moja tu.

“Umeacha,” akasema.

Nilitaka kumweleza habari ya maro, lakini nilipomtazama niliona hana mahali pa kuiandika kwenye kadi. Akaniambia nikirudi nikiwa hivi tena, nije na mke wangu, ili azungumze na yeye, si na mimi. Nilijua maana yake. Usiku huo niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Mke wangu hakunishauri lolote. Alikwenda Kombewa Alhamisi, akarudi Ijumaa, akaniandalia chakula kisicho na chumvi, akangoja nimalize.

“Mama amenituma,” akasema. “Amesema nikuambie Jumapili upite njia yako. Yeye hatakuona.”

“Hatanionaje? Barabara ni ile ile moja.”

“Mimi nimetumwa tu.”

Jumapili nilitoka kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Nilipofika kwenye ile kona nilichungulia kwanza. Maro alikuwa amesimama kando ya barabara, kapu kichwani, uso ameupeleka kwenye ua wa minyaa, mgongo kwangu, amenyooka kama mama anayesubiri ua umfungulie mlango. Akakohoa. Nikaelewa. Nikapita mbio kwa ncha za vidole, nimebana kaptula kwa mikono miwili, na nilipogeuka mbali kule mbele nilimwona amerudi barabarani, anaendelea na safari yake ya Kibuye.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Mwezi uliofuata ua ukaanza kuzungumzishwa. Yeye hakusema na mimi, jamani, asingeweza. Alisema na minyaa, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kutosha.

“Wewe ua,” alisema Jumapili moja, “wiki iliyopita kuna upepo ulipita hapa kwa kasi zaidi.”

Jumapili nyingine aliuuliza ua kama kuna mtu alikula nguruwe jana yake, maana anasikia kishindo. Mimi nilikuwa nikipita nimeuma meno, siwezi kujibu, siwezi kucheka. Nyumbani mke wangu alijua kila kitu kabla sijavua raba.

Halafu kulikuwa na Jumapili ya masika, mvua ya rasharasha, tope, na mimi nilikuwa nimelala vibaya. Wiki nzima bwana mkubwa alikuwa amenikalia. Nilifika kwenye kona nikitembea. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua nitageukia hapo, nirudi kitandani, nianze upya Jumatatu. Maro alikuwa kwenye ua wake, maji yanamchuruzika kutoka kapuni hadi mabegani. Alisikia hatua zangu za uvivu zikisimama. Hakukohoa.

“Wewe ua,” akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na mchezo. “Mume wangu alikuwa na mwili mkubwa na hasira nyingi. Watu wote waliusifu mwili wake. Waliusifu mpaka siku ya kumbeba. Mimi nilibaki na watoto sita, na mdogo alikuwa mgongoni, huyu aliyeolewa mjini.”

Mvua ilikuwa inapiga mafunjo. Niliutazama mgongo wake, na nilitaka kumjibu kuliko nilivyowahi kutaka kumjibu mtu yeyote. Lakini mkwe hamjibu maro akiwa na kaptula. Kwa hiyo nilikimbia.