Mlango wa Randa

Mimi ni wifi yake, na mawifi hatusifiani bure. Kwa hiyo nikiwaambia mke wa kaka yangu ana kichwa kigumu kuliko gogo kavu, jueni nimempima kwanza.

Ni fundi seremala. Mtaa mzima unamwita Randa, kwa ile randa yake ya kulainishia mbao, naye anaitika bila kinyongo. Siku alipoletwa kwetu alikuwa na begi moja la nguo na masanduku mawili ya vifaa. Mama akaninong'oneza, "Huyu atatupikia na msumeno?" Tukacheka mpaka machozi. Mungu atusamehe.

Tunapanga nyumba moja, vyumba vimepangana kuzunguka ua. Wao wana viwili, mimi nina kimoja, tumetenganishwa na ukuta. Na ukuta wenyewe ndio huo sasa! Unanyonya maji kutoka chini mpaka usawa wa kiuno. Dawa ya mwenye nyumba ni rangi ya mafuta. Kila mwaka anakuja na kopo, anapaka, anaondoka, na baada ya miezi mitatu rangi inavimba na weusi unarudi palepale. Sisi wapangaji tulikuwa na dawa yetu pia: tulitundika kalenda. Mimi nilikuwa na kalenda nne za mwaka mmoja.

Kisha binti yao akaanza kubanwa na kifua. Ana miaka sita, mdomo haufungi, lakini akikimbia mara mbili uani anasimama ameshika magoti, kifua kinapiga filimbi. Muuguzi wa zahanati alimwambia Randa, "Dawa nitakupa. Lakini mama, mtoto anavuta ukungu. Ugonjwa wenu uko ukutani."

Ndipo zikaanza Jumamosi zake. Asubuhi vitu vyote vinatoka nje: vitanda, masufuria, viatu, hata picha ya harusi. Rangi iliyovimba inakwanguliwa, ukuta unasuguliwa, unapakwa chokaa, unaachiwa upepo. Na ili upepo uingie vizuri anang'oa mlango. Ndiyo, mlango! Ule wa mwenye nyumba ulioza kwa chini zamani, panya wakawa wanapita bila hodi, Randa akatengeneza wa kwake, laini ungedhani umepakwa siagi. Mzee mwenye nyumba akaubeba ule mbovu akaufanya mlango wa banda lake la kuku. Huu mpya bawaba zake ni za pini. Ukichomoa pini mbili, mlango huo mikononi.

Anauosha, anaulaza juu ya stuli mbili anazokatia mbao, na hapo ndipo tunapokula mchana. Ana sheria moja: anayekaa upande wa kitasa ndiye msemaji, na hakatizwi mpaka amalize. Kaka yangu ni dereva wa lori, mtu wa kuguna tu. Siku moja alikaa kwenye kitasa akasema anaogopa kila safari, asije akarudi asimkute mtoto. Nimezaliwa naye tumbo moja, sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

Sasa mwenye nyumba. Alileta watu wawili kuangalia chumba kilichokuwa wazi, wakamkuta Randa anakwangua, weusi wote uko hadharani. Wakageuza bila kuaga. Mzee akapandwa na mori.

"Unanitia aibu! Jumamosi ijayo nikikuta hata kijiko nje, hakirudi ndani. Nafunga kwa kufuli langu, mkatafute pa kulala!"

Wiki nzima nilimsihi Randa. Kaka alikuwa safarini, na mimi ndiye mkubwa niliyebaki. "Wifi, funika kombe mwanaharamu apite. Ruka Jumamosi moja tu."

"Nimefunika miaka miwili, wifi. Aliyepita ni nani? Tazama kifua cha mwanangu."

Sikukubali. Nilimwona mpumbavu, na niliogopa.

Jumamosi ikafika. Vitanda nje, masufuria nje, mlango juu ya stuli, maharage yanatoa mvuke. Zamu ya kitasa ilikuwa ya mtoto. Tumekula matonge mawili tu, mzee huyo, kufuli mkononi, kubwa la kufungia ghala. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Randa, akanyoosha mkono avute mlango.

Akashika hewa.

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akachungulia ndani. Jirani mmoja alikohoa kicheko.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Wako uko kwenye banda la kuku, mzee," Randa akasema, huku anapakua. "Huu tunaolia chakula ni wangu."

"Ulete hapa nifunge!"

"Shikamoo," binti akasema kutoka kwenye kitasa. "Leo zamu yangu, usinikatize. Mimi nataka kukimbia mpaka dukani bila kusimama. Nimemaliza."

Mzee akanigeukia mimi. "Wewe una akili. Mwambie wifi yako. Tena wewe mlango wako ni wangu, sitashindwa kuufunga."

Ni kweli, ulikuwa wake. Nami nilitamani kuinamia sahani yangu, nisiwaongopee. Lakini maneno ya yule mtoto yalikuwa yamenikaa masikioni. Dukani ni hatua sitini!

Niliinuka, nikaingia kwangu, nikaburuta godoro mpaka katikati ya ua. Upande wa chini lilikuwa jeusi tii. Miaka yote nililalia kitu kile huku nikimcheka mwenzangu. Nikarudi nikabandua kalenda, moja baada ya nyingine, nikazitupa miguuni pa mzee. Kisha nikaukagua mlango wangu. Haukuwa na pini. Ulikuwa na skrubu sita, zimeshika kutu.

"Wifi," nikaita, "hebu niletee bisibisi."